Silaha: Haki ya Mtu au Hisani ya Mtawala?

Kila mwenye akili akubali kwamba nafsi ya mtu ni amana, na kwamba aliyepewa amana ana wajibu wa kuilinda. Mwizi akivunja mlango usiku wa manane, mwenye nyumba hangojei fatwa ndipo ainuke. Na Mtume wetu (s.a.w.) ametufundisha kwamba mwenye kuuawa hali akiitetea mali yake ni shahidi, na mwenye kuuawa hali akiitetea nafsi yake na watu wake ni shahidi vile vile. Juu ya asili hii hapana khitilafu.

Khitilafu yaanza panapoulizwa jambo la pili. Ikiwa kujilinda ni haki, je, chombo cha kujilindia nacho ni haki? Na serikali ikisema, "Hutashika silaha ila kwa ruhusa yangu," ruhusa hiyo yafaa wapewe watu gani, wanyimwe watu gani, na kwa mizani ipi?

Twapenda kulitazama swali hili katika nchi ya Marekani, kwani huko limebishaniwa kwa uwazi kuliko pengine popote, na hoja za kila upande zimeandikwa katika hukumu za mahakama ambazo kila mtu aweza kuzisoma. Watu wa huko wamegawanyika makundi mawili. Wako wasemao kwamba bunduki ni uhuru, na kila sharti ni dhulma. Na wako wasemao kwamba bunduki ni balaa, na kila katazo ni rehema. Sisi twaona kwamba kila kundi limeshika nusu ya kweli, na kwamba nusu ya kweli ikishikiliwa peke yake huzaa upotofu mzima.

Katika mwaka 1791 Katiba ya Marekani ilitiwa Rekebisho la Pili, ambalo lataja haki ya watu kuwa na silaha na kuzichukua. Lakini nchi ile ina majimbo 50, na kila jimbo hutunga sheria zake. Leo zaidi ya nusu ya majimbo hayo yamruhusu mtu mzima asiye na makosa kuchukua bastola hadharani bila ya leseni yo yote. Mengine yameshika njia ya ukali. Mtu mwenye leseni ya Pennsylvania akivuka daraja la mto Delaware na kuingia New Jersey, leseni yake haitambuliwi tena. Aliyekuwa raia mwema upande huu wa mto amekuwa mkosaji upande wa pili, na bastola ni ile ile.

Katika majimbo ya ukali, lililotajika zaidi ni New York. Sheria yake ya mwaka 1911 ilimkataza mtu kuwa na bastola ndogo bila ya leseni. Miaka miwili baadaye ikaongezwa kwamba mwenye kutaka kuichukua hali ameificha nguoni, sharti athubutishe kwamba ana sababu inayostahili. Mahakama za huko zikaifasiri sababu hiyo kuwa ni haja ya pekee, inayompambanua mwombaji na watu wengine wote. Kukaa katika mtaa wenye majambazi hakukutosha, maana majirani zake wote wakaa humo humo. Kutoka kazini usiku hakukutosha, maana wengi hutoka kazini usiku.

Mwenye insafu na atazame maana ya sharti hili. Halikumwuliza mwombaji, "Je, wewe ni hatari kwa wenzio?" Hilo lingekuwa swali la haki. Lilimwuliza, "Je, maisha yako yana thamani kuliko ya jirani yako?" Na mwenye kulipima jawabu ni ofisa aliyeketi mezani, mwenye kalamu na hiari yake. Hivyo ndivyo haki inavyogeuzwa kuwa hisani. Mwenye haki huja akasema, "Nipe changu." Mwenye kuomba hisani huja akainamisha kichwa.

Na hisani haigawanywi sawa. Katika mji wa New York matajiri na watu mashuhuri walipata ruhusa ambayo mwenye duka dogo hakuiona hata kwa ndoto. Ada ya leseni kwa miaka mingi ilikuwa dola 340, nayo hairudishwi hata ukinyimwa. Na palipo na hiari isiyo na mpaka, rushwa haiko mbali: katika mwaka 2017 walishitakiwa watu waliokuwa maofisa wa idara ile ile ya leseni ya polisi wa New York, kwa kupokea vitu ili kuharakisha na kutoa leseni. Hatushangai. Funguo ikiwa moja na mlinda mlango mmoja, wenye kumjua hupita na wasiomjua husimama juani.

Khabari hii haikuanza New York. Mwaka 1865, vita vya kuondoa utumwa vilipokwisha, jimbo la Mississippi lilitunga sheria ya kumkataza mtu mweusi aliyeachwa huru asiweke bunduki ila kwa leseni ya baraza la wilaya yake. Aliyekuwa bwana wake hakuhitaji leseni hiyo. Mwaka 1956 nyumba ya Martin Luther King mjini Montgomery, katika jimbo la Alabama, ilitupiwa bomu mke wake na mtoto wake wakiwa ndani. Akaomba ruhusa ya kuchukua silaha. Sheria ya Alabama ilitaka mwombaji awe mtu afaaye. Wakubwa wa mahali pale wakaona kuwa King si mtu afaaye, wakamnyima. Mtu gani katika mji ule alikuwa na haja kubwa kuliko yake? Baadaye King mwenyewe aliziondoa silaha nyumbani kwake kwa imani yake ya kutotumia nguvu, na jina lake likatukuka kwa hilo. Lakini kuiacha silaha kwa hiari ni utukufu wa mwenye kuiacha, na kuzuiliwa kwa dharau ni aibu ya mwenye kuzuia. Mambo haya mawili hayafanani.

Tena mwaka 1967 vijana weusi wa California, waliojiita Black Panthers, walipokuwa wakizunguka mitaani na bunduki zao hadharani, jambo ambalo sheria ya wakati ule haikulikataza, jimbo lile lilifanya haraka kutunga sheria ya kulikataza. Aliyeitia saini ni gavana Ronald Reagan, ambaye baadaye, alipokuwa rais, alihesabiwa kuwa rafiki wa wenye bunduki. Twaona basi kwamba sheria ya silaha mara nyingi haikutazama silaha. Ilitazama mkono uliozishika.

Wala msomaji asidhani kuwa twasimulia aibu za wengine tu. Katika nchi yetu, Hali ya Hatari ilipotangazwa mwaka 1952, walowezi walitembea na bastola viunoni, na Mwafrika aliyekutwa na silaha bila ya ruhusa aliweza kuhukumiwa kifo. Dedan Kimathi alinyongwa tarehe 18 Februari 1957, na kosa aliloandikiwa ni kupatikana na bastola na risasi zake. Na Sheria ya Silaha tuliyorithi kutoka miaka ile ile ya hamsini bado yataka ofisa aridhike kwamba mwombaji ana sababu njema. Maneno ni mamoja na yale ya New York, kwani fikira iliyoyazaa ni moja: kwamba raia ni wa kushukiwa, na mtawala ni wa kuridhishwa.

Sasa twaingia katika jambo la pili, nalo ni zito. Mwenye kumnyang'anya mtu fimbo yake njiani, akamwambia, "Usiogope, mimi nitakulinda," amejitwika deni. Je, serikali zimelikubali deni hilo?

Usiku mmoja wa Juni mwaka 1999, katika mji wa Castle Rock, jimbo la Colorado, mama mmoja alipiga simu polisi mara kadha wa kadha, kisha akaenda mwenyewe kituoni. Mumewe, ambaye mahakama ilikwisha kumkataza asimkaribie, alikuwa amewachukua binti zao watatu. Polisi wakamwambia angoje. Alfajiri mtu yule akafika kituoni akifyatua bastola, akauawa. Na ndani ya gari yake wakakutwa watoto watatu, wamekufa. Mama akashitaki. Kesi ikapanda hata Mahakama ya Juu ya Marekani, nayo mwaka 2005 ikahukumu, kwa majaji saba dhidi ya wawili, kwamba Katiba haikumpa mama yule haki ya kudai kuwa polisi watekeleze amri ile ya kumkinga.

Na mwaka 2015, katika jimbo la New Jersey, mwanamke mmoja aliyekuwa akitishwa na mwanamume aliyeachana naye, naye pia akiwa na amri ya mahakama mkononi, aliomba kibali cha kununua bastola. Sheria yenyewe yasema jawabu itolewe katika siku 30. Siku zikapita, jawabu haikuja. Akauawa kwa kisu mbele ya nyumba yake, na karatasi zake zi mezani kwa polisi.

Twauliza: ni nani atakayesimama mbele ya Mola wake akasema kuwa hapa hapana dhulma? Serikali yasema, "Usijilinde kwa mkono wako." Kisha yasema, "Wala mimi sidaiwi kukulinda." Maneno haya mawili hayawezi kukaa katika kinywa kimoja. Akitaka mtawala kushika la kwanza, hana budi kuliacha la pili.

Lakini na wale wapendao bunduki wasifurahi upesi. Ile bastola aliyofyatua mtu wa Castle Rock aliinunua jioni ile ile, watoto wake wakiwa mikononi mwake na amri ya mahakama ikiwa juu ya kichwa chake. Khabari moja yashuhudia pande zote mbili: mlinzi hakulinda, na muuzaji aliuza. Aliyehitaji kinga hakuipata, na asiyestahili silaha aliipata kabla ya usiku kuingia.

Na hesabu ya nchi ile yatisha. Katika mwaka 2021 peke yake watu 48,830 walikufa kwa risasi. Wengi wadhani kuwa hao wote waliuawa na majambazi. Sivyo. Watu 26,328 miongoni mwao, zaidi ya nusu, walijiua wenyewe. Yaani chombo kilicholetwa nyumbani kwa ajili ya mwizi kilimngojea mwenye nyumba, siku moja ya dhiki, kikamkuta mkono u karibu na akili i mbali. Mwenye kusema kuwa silaha ni kinga tu, na aitazame hesabu hii, kisha afikiri ni nani aliyekingwa.

Huenda akasema msemaji: "Basi hoja imekwisha, kazeni sheria." Jawabu yetu ni kwamba ukali si sawa na hekima. Tarehe 14 Mei 2022, mjini Buffalo, kijana wa miaka 18 aliingia katika duka la vyakula katika mtaa wa watu weusi, akaua watu 10 kwa chuki ya rangi. Mlinzi wa duka, polisi mstaafu, alimpiga risasi. Lakini mwuaji alivaa fulana ya chuma, na mlinzi akawa miongoni mwa waliouawa. Buffalo yenyewe i katika jimbo la New York, jimbo la ukali ule tulioueleza. Sheria iliyomsumbua mwenye duka mdogo kwa miaka mia moja kwa ajili ya bastola yake, ilimwacha kijana huyu anunue bunduki kubwa dukani bila ya leseni yo yote, na hali mwaka uliotangulia alipelekwa kupimwa akili kwa maneno ya vitisho aliyoyaandika shuleni. Ofisa aliulizwa apime nani ni mtu wa maana. Hakuulizwa apime nani ni mtu wa hatari.

Tofautisha na jambo la New Zealand. Tarehe 15 Machi 2019 ndugu zetu 51 waliuawa mjini Christchurch, katika misikiti miwili, siku ya Ijumaa, na mtu mwenye leseni ya serikali mkononi. Haukupita mwezi, Bunge likapiga marufuku bunduki nyingi za kujifyatua, kwa kura 119 dhidi ya moja, na wenye nazo wakalipwa thamani yake walipozisalimisha. Sheria ile ni kali kuliko ya New York. Lakini haikuuliza, "Wewe ni mtoto wa nani?" Iliitazama silaha, ikaona madhara yake ni makubwa kuliko manufaa yake, ikaiondoa kwa tajiri na kwa maskini. Mtu aweza kuipenda au asiipende, ila hawezi kusema kuwa imembagua. Kwa hiyo twaona kuwa aibu ya sheria ya silaha haimo katika ukali wake. Imo katika upendeleo wake.

Tarehe 23 Juni 2022 Mahakama ya Juu ya Marekani, kwa majaji sita dhidi ya watatu, iliibatilisha sheria ile ya New York ya sababu inayostahili. Na ajabu iliyowashangaza wengi ni kwamba mawakili wa maskini wa Bronx, ambao si watu wa kupenda bunduki, walikuwa wameiandikia Mahakama kuipinga sheria ile, kwa kuwa karibu wote waliowatetea kwa kosa hilo walikuwa weusi au wenye asili ya Kihispania. New York ikatunga sheria mpya mwaka ule ule: mwombaji asome saa 16 darasani na saa mbili za kulenga shabaha, na asiingie na silaha katika mahali fulani fulani. Kisha tarehe 21 Juni 2024 Mahakama ile ile, kwa majaji wanane dhidi ya mmoja, ikasema kuwa yafaa kumnyang'anya silaha mtu ambaye mahakama imethubutisha kuwa ni tishio kwa mkewe au mwenzake. Hukumu hizi mbili zikiwekwa pamoja zatoa maana njema: usimnyime mtu kwa kuwa ni mnyonge, na usimwachie mtu aliyethubutika kuwa ni hatari.

Huenda pia akasema mwengine: "Ikiwa ni haki, masharti ya nini?" Jawabu ni nyepesi. Ndoa ni haki na ina masharti. Biashara ni haki na ina masharti. Sharti haliibatilishi haki maadamu kila mtu aweza kulitimiza na kila mtu alijua tangu mwanzo. Linaloibatilisha haki ni sharti lililo moyoni mwa ofisa, ambalo mwombaji hawezi kulisoma wala kulitimiza. Na kadhalika sharti la fedha nyingi: kwa dhahiri lasema na wote, kwa hakika lasema na maskini peke yake.

Na katika mafunzo ya dini yetu limo jambo ambalo twaona lakata shauri. Mtume (s.a.w.) hakuwakataza watu kuchukua mishale. Aliamuru kwamba mwenye kupita nayo msikitini au sokoni azishike ncha zake, asije akamdhuru Mwislamu. Tena akakataza mtu kumwelekezea nduguye silaha hata kwa mzaha. Mwenye kufikiri aone hekima iliyomo. Amri ile haikumwuliza mpita sokoni kabila lake wala mali yake. Ilimhusu tajiri na mtumwa sawasawa. Wala haikumwacha mwenye mshale aseme, "Huu ni wangu, nami nina haki." Ilimwambia: haki yako ya kuuchukua imefungamana na usalama wa yule unayepishana naye. Ncha uishike wewe, usimwachie mwenzio aikwepe.

Kwa muhtasari, sheria ya silaha yataka mambo manne ndipo iitwe ya haki. Masharti yake yawe yamejulikana, na yawe mamoja kwa wote. Yapime hatari ya mtu, wala yasipime cheo chake. Jawabu itolewe kwa wakati wake, na mwenye kunyimwa aambiwe sababu kwa maandishi na aweze kuipeleka mbele ya kadhi au jaji. Na serikali inayomzuia raia asijilinde ikubali kwamba imejitwika deni la kumlinda, na ishitakiwe ikilipuuza. Pakipatikana haya, taifa laweza kuchagua silaha chache au nyingi kwa maslaha yake. Sisi hapa mwambao twaona kheri iwe chache, maana twajua nchi jirani zilivyoharibiwa na wingi wake. Pasipopatikana haya, hata sheria inayookoa maisha huwa imejengwa juu ya dharau.

Msomaji aliyewahi kusimama mbele ya meza ya ofisa, kwa karatasi yo yote iliyo haki yake, akaambiwa arudi kesho bila ya sababu, atafahamu kuwa neno hili ni kubwa kuliko bunduki. Bunduki imetuonyesha waziwazi yaliyofichika katika vibali vingine. Yatupasa tujizoeze kuuliza, kwa adabu na bila ya hofu: sharti gani sikulitimiza, na limeandikwa wapi? Na yatupasa pia, tukipewa haki zetu, tuzishike ncha zake. Anayedai haki bila ya kushika ncha atawaumiza wenzake, na anayeshika ncha tu bila ya kudai haki atakuwa mtumishi wa mishale ya watu wengine.

Na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi.